Nyumba ya Mtu Mmoja

Siku ya ishirini na tisa, kipimamakazi kilitambaa juu ya dari ya jiko kwa miguu yake kumi na miwili, kikasimama sawasawa juu ya meza, kikaanza kuhesabu. Kilikuwa chombo kidogo, hakikuzidi kibuyu cha maziwa, chenye jicho moja la kioo na masikio sita yaliyotandazwa pembeni kama ua la alizeti. Hakikupiga kelele wala kuomba chochote. Kwa siku thelathini kiliishi na watu ndani ya nyumba yao, kikaandika ni mlango upi uliofunguliwa na mara ngapi, ni kiti kipi kilichokaliwa, ni sufuria ipi iliyotolewa kabatini, ni ngazi ipi iliyomlazimisha mzee kushika ukuta. Siku ya thelathini na moja kingetoa ripoti: watu hawa wanahitaji nyumba ya ukubwa huu, yenye vitu hivi, na vilivyobaki si vya lazima.

Chini yake, Subilaga Mwakalukwa alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua hata macho. Mwanamke huyu wa miaka sabini na minne alikijua chombo kile kuliko mtu yeyote jijini Mbeya, maana ndiye aliyekibuni. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mhandisi katika Wakala wa Makazi Toshelevu, na kanuni zilizokiongoza alizitunga mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizijaribu kwa wazee wa watu wengine. Sasa zamu yake ilikuwa imefika.

Mbeya ya wakati ule ilikuwa imepanda milima. Magari-hewa yalipita juu ya mabonde bila barabara, na vijana waliishi popote walipotaka. Lakini nyumba za zamani za mtelemko wa Loleza, zenye vyumba vitano na ngazi za mawe, zilibaki na wazee wawili wawili, au mmoja mmoja, na ngazi zile ziliwavunja nyonga kila msimu wa mvua. Kwa ajili yao Wakala ulijenga minara mitano kule bondeni. Ndani ya minara ile kuta zilisogea. Kila fleti ilikatwa kwa kipimo cha mwenyewe, kama fundi cherehani anavyokata gauni: swichi zikawekwa usawa wa mkono wake, bafu likapangwa kwa urefu wa hatua zake. Wazee waliohamia huko hawakuanguka tena. Subilaga alijivunia jambo hilo kuliko nishani zote alizopewa.

Hata hivyo hakuwa na haraka ya kuhama mpaka mwezi Februari, mumewe alipoteleza kwenye ngazi ya tatu na kulala kwenye matope robo saa nzima. Binti yao wa pekee, Bupe, alikuwa fundi wa mitambo ya hewa kwenye kituo cha Mwezini, na mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka miwili. Kila alipozungumza nao, maneno yake yalichelewa kidogo njiani, hivyo walizoea kungojana.

"Mama, nyumba hiyo itawaua," alisema Bupe. "Mkihama, na mimi nitapata usingizi huku."

"Nimesikia, mwanangu. Tutahama."

Akatia saini hati za Wakala siku hiyo hiyo. Nyumba yao ikapewa familia yenye watoto watano, ambao wangeingia mwisho wa mwezi uliofuata. Karani alimkumbusha asome kanuni kwanza. Subilaga akacheka. "Bibie," alimwambia, "nizisome za nini, na mimi ndiye niliyeziandika?"

Mumewe aliitwa Anyosisye. Alikuwa dereva wa treni maisha yake yote ya kazi, na hata ujanani hakuwa mtu wa maneno mengi. Miaka sita iliyopita kiharusi kilimlaza mkono wa kulia, kikamfutia herufi zote kichwani, kikamwachia neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "hapana." Alilitumia kwa kila kitu. Kulikuwa na hapana fupi, chai imepoa. Kulikuwa na ile ya kuvutwa, jua limekuwa kali, nisogezeni. Na kulikuwa na hapana nyepesi iliyopanda mwishoni, ambayo kwake ilikuwa na maana ya "ndiyo". Hata ishara za kichwa chake zilikuwa zimegeuka. Alikitikisa pale alipotaka kukubali. Mwaka wa kwanza Subilaga alilia sana. Mwaka wa pili alianza kusikia tofauti, na tangu hapo hawakukosana tena kwa sababu ya neno lile.

Waliishi hivi. Anyosisye alikaa barazani tangu asubuhi, kiti chake kikiwa kimeelekezwa mlangoni, na Subilaga alikaa jikoni, mlango ukiwa wazi kati yao. Akikoroga chungu, mzee alisikia. Mzee akikohoa, yeye alisikia. Walilala vyumba viwili kwa sababu mguu wa kulia wa Anyosisye ulirusha mateke usingizini na daktari alimwandikia kitanda chembamba chenye ukingo. Kuoga alioshwa na mlezi-chuma, mashine ya mikono laini waliyopewa na hospitali. Subilaga alijaribu kumwosha mwenyewe wiki ya kwanza, lakini mzee aliugeuzia ukuta uso wake na machozi yakamtoka, na mkewe akaelewa. Tangu siku ile hakumgusa sana. Alimwachia heshima yake.

Yote hayo kipimamakazi kiliyaona, kikayahesabu.

Siku ya thelathini na moja alikuja Osia Nzunda, mkuu wa upangaji katika Wakala. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na ni Subilaga aliyemfundisha kazi kwa miaka minane.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Osia. Kaa basi, chai iko tayari."

Osia hakukaa. Aliweka kibao cha ripoti mezani na kukisukuma kwake kwa vidole viwili. "Naomba usome mwenyewe, Mwalimu."

Maandishi yakawaka. Subilaga Mwakalukwa: fleti ya mtu mmoja, Mnara wa Pili, ghorofa ya tisa. Anyosisye Mwakalukwa: fleti ya mtu mmoja yenye uangalizi, Mnara wa Tano, ghorofa ya chini.

"Hapa pana kosa," alisema Subilaga.

"Nimekagua mara tatu."

Alisogeza ripoti kwa kidole. Muda wa kukaa chumba kimoja: dakika arobaini kwa siku. Vyumba vya kulala: viwili. Kugusana: mara mbili kwa siku thelathini. Majibu ya mume anaposemeshwa na mke: kukataa, asilimia mia moja. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu: *Anyosisye Mwakalukwa ni mtu wa kulindwa. Asihamishwe pamoja na mwenzi wake wala kuishi naye.*

Aliketi. Kwanza aliona aibu, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya mwanafunzi wake. Hofu ilifuata baadaye.

Kanuni ile ilikuwa ya tisa, na aliikumbuka siku aliyoiandika. Aliiandika kwa ajili ya mama yake mkubwa, Tumpe. Mume wa Tumpe alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa, na maofisa wa makazi walipokuja kuuliza kama wanataka kukaa pamoja, alijibu yeye: "Mke wangu anafurahi, si unamwona?" Chini ya meza alikuwa amekishika kidole kidogo cha mkewe, anakipinda. Tumpe akasema ndiyo. Walipewa fleti nzuri ya watu wawili, na humo Tumpe alikufa kabla mwaka haujaisha. Subilaga, akiwa na miaka arobaini, ndiye aliyeuosha mwili wake. Alivihesabu vidole vilivyokuwa vimevunjika na kupona vibaya. Alirudi kazini akaandika kwamba ukaribu wa wanandoa usiulizwe, upimwe. Wakiulizwa, kila mmoja aulizwe peke yake. Na kwamba hakuna mtu, awe mume, mke au mtoto, atakayeruhusiwa kumsemea mwenzake.

"Muulize basi," alimwambia Osia. "Muulize mwenyewe."

"Mwalimu, unajua atakachojibu."

"Muulize!"

Kwa mujibu wa kanuni, Subilaga alitoka nje. Alisimama penye kamba ya nguo, nyuma ya nyumba, lakini dirisha lilikuwa wazi na alisikia.

"Shikamoo, baba."

"Hapana," alisema Anyosisye kwa uchangamfu.

"Baba, mnahama. Je, unataka kuendelea kuishi na mama, nyumba moja?"

Kisha sauti ya mzee ikaja, nyepesi, ikipanda mwishoni, mara tatu mfululizo kama mtu anayeogopa kwamba hakusikika vizuri. "Hapana! Hapana, hapana!"

Subilaga alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba kipimamakazi kilikuwa kimeandika.

Osia alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Nimesikia, Mwalimu. Nina masikio. Nimeona alivyokuwa akiunyoosha mkono huku mlangoni. Lakini nikiandika nilichokisikia mimi badala ya alichokisema yeye..."

"Utakuwa umemsemea," alimalizia Subilaga. "Najua. Nilikufundisha mimi."

Jioni alizungumza na Bupe, akamweleza kila kitu. Alingoja sauti isafiri kwenda na kurudi. Ilichelewa kuliko kawaida.

"Mama," Bupe alisema mwishowe, polepole, "mlikuwa mmegombana?"

"Nini?"

"Sisemi kwa ubaya. Ila mimi sijakaa nanyi tangu baba augue. Nikipiga, unazungumza wewe. Yeye anasema hapana tu. Mashine imekaa humo mwezi mzima, mama. Niambie tu kama kuna jambo."

Subilaga hakumkasirikia. Alitazama uso wa mwanawe ukielea juu ya meza, uso uliokuwa na paji pana la baba yake, akaona kwamba binti yake anaogopa kwa ajili ya baba, kama yeye alivyoogopa kwa ajili ya Tumpe akachelewa.

"Hakuna jambo, Bupe," alisema. "Baba yako ananipenda."

Na aliposikia maneno yale yakitoka kinywani mwake mwenyewe, yalikuwa maneno ya mzee wa kanisa.

Walihama Jumatatu. Magari-hewa mawili yalikuja, moja kwa kila mnara. Anyosisye alipandishwa kwanza na mlezi-chuma, akakaa, akasogea dirishani ili kumwachia mkewe nafasi pembeni yake. Mlango ulipofunga alikuwa bado ameweka kiganja cha kushoto juu ya kiti kile kitupu, asije akakikalia mwingine.

Fleti ya ghorofa ya tisa ilikuwa nzuri. Makabati yalikuwa urefu wake, taa ziliwaka kabla hajazitafuta, na jiko lilikuwa na kila alichokitumia na hakuna asichokitumia. Sahani moja, na ya pili ya mgeni. Siku ya kwanza alipika ndizi na nyama, akajikuta amepika za watu wawili. Alikaa akazitazama mpaka zikapoa.

Haikumpasa kukaa kimya, na hakukaa. Mtunzi wa kanuni alikuwa na haki ambayo wengine hawakuwa nayo: angeweza kupeleka ombi la kuirekebisha, na kamati ilipaswa kujibu ndani ya siku kumi na nne. Subilaga aliandika mistari mitatu. Aliomba kwamba waliooana kwa zaidi ya miaka thelathini waruhusiwe kutafsiriana pale mmoja anapokosa usemi au anaposhindwa kujieleza. Osia aliisoma akasema itapita, kwa maana hakuna katika kamati aliyeweza kubishana naye juu ya kanuni ya tisa. Ombi likabandikwa kwenye mbao za matangazo za minara yote, kama sheria ilivyotaka.

Siku ya sita, asubuhi, jirani yake aligonga mlango. Alijitambulisha kuwa ni Bi. Sekalinga, Mhehe kutoka Kalenga, aliyekuwa muuguzi zamani. Alibeba kibakuli cha togwa. Alikaa upande wa kulia wa meza, kisha akahama upande wa kushoto, akaeleza kwamba sikio moja halisikii.

"Nimesoma ombi lako," alisema baada ya salamu ndefu. "Umeolewa miaka mingapi, dada?"

"Arobaini na minane."

"Mimi hamsini na miwili." Alimimina togwa katika vikombe bila kumwaga hata tone. "Wangu yuko Mnara wa Nne. Ameniombea nirudi kwake mara sita. Kila mara anawaambia kwamba mimi nataka, ila ni mtu wa haya, sijui kujieleza. Na ni kweli, sijui. Nikimwona tu ulimi unakauka. Sikuwahi kumshtaki, sikuwahi kumwambia hata mwanangu. Mashine ilikaa kwetu siku thelathini, mimi sikusema neno, na siku ya thelathini na moja nikapewa ufunguo wangu peke yangu." Alikunywa kidogo. "Sijui nani aliyefikiria jambo lile. Nilimwombea dua miaka sita. Juzi nimesoma jina lako chini ya ombi, ndiyo nimejua."

Subilaga alikisogeza kikombe chake bila kukinywea.

"Sikuja kukuzuia," alisema Bi. Sekalinga. "Nimesikia habari za mzee wako. Wanasema ni mtu mwema, na akiniuliza mtu nitasema arudi kwako leo hii. Nimekuja unione sura, basi. Usije ukaamua bila kuniona."

Alipoinuka kwenda zake, aligeuza kichwa ili sikio zima lielekee kwa mwenyeji, akingoja jibu. Subilaga alilitazama lile jingine, la kulia. Alikuwa amevihesabu vidole vya Tumpe; hakuhitaji kuuliza sikio limekufaje.

Siku mbili hakula vizuri. Alichukua karatasi, akajaribu kuandika upya ile mistari yake mitatu: waruhusiwe, ila kama, waruhusiwe, isipokuwa. Kila alipoweka uzio, alimwona yule mzee wa kanisa akiupita kwa tabasamu. Mlango wowote uliomtosha yeye kumfikia Anyosisye, ulimtosha na mume wa Bi. Sekalinga kumfikia Bi. Sekalinga. Siku ya tisa alikwenda ofisini kwa Osia akaliondoa ombi.

"Mwalimu, baba anakungoja," alisema Osia. "Zimebaki siku tano tu. Litapita!"

"Ndiyo maana ninaliondoa."

"Basi tufanye nini?"

"Tutengeneze chombo kinachosikia," alisema Subilaga. "Si neno tu. Sauti inavyopanda, mkono unavyokwenda. Nina maandishi ya miaka sita kichwani, nitakupa. Kitachukua muda gani mpaka kikubaliwe?"

Osia aliinamisha kichwa akapiga hesabu. "Tukianza leo, miaka mitatu. Labda minne."

Anyosisye alikuwa na miaka sabini na tisa na alishapata kiharusi kimoja. Wote wawili walilijua hilo. Subilaga alivua koti lake akalitundika. "Basi tuanze leo," alisema.

Aliruhusiwa kumtembelea mumewe Jumanne na Ijumaa, saa moja kila siku, kipimamakazi kikiwa darini. Mara ya kwanza Anyosisye alimpokea kwa kelele, akamwonyesha dirisha, kitanda, bomba la maji moto, kama mtu anayelalamikia hoteli. Mkewe alimweleza. Alimweleza yote, mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na mzee alisikiliza akimtazama mdomo. Kiharusi kilikuwa kimemwachia kuelewa mambo mafupi. Hili lilikuwa refu. Saa ilipokwisha Anyosisye alisimama, akavaa koti lake kwa mkono mmoja, akachukua kofia, akamfuata mlangoni. Mlezi-chuma alimshika mabegani taratibu. Subilaga alivuka bustani bila kugeuka, kwa kuwa aliogopa akigeuka atakaa chini kwenye majani na hatainuka.

Ijumaa alimkuta ameshavaa koti tayari. Jumanne hivyo hivyo. Wiki ya tatu alikuwa amefungasha: taulo, redio, picha ya Bupe, vyote ndani ya foronya, foronya mapajani. Kila mara saa ilipokwisha alisimama, na kila mara alizuiwa, na kila mara alimtazama mkewe akivuka bustani peke yake kwa miguu yake mwenyewe, bila mtu yeyote kumlazimisha.

Wiki ya tano foronya ilirudi kitandani na vitu vikarudi mahali pake. Wiki ya saba koti lilikuwa limetundikwa.

Ijumaa ya wiki ya kumi na moja Subilaga alichelewa kwa sababu ya kazi. Yeye na Osia walikuwa wamefanikiwa kwa mara ya kwanza kukifundisha chombo chao kutofautisha sauti mbili. Alifika akihema, akitaka kumsimulia. Anyosisye alikuwa kitini, amenyolewa, shati limefungwa vifungo vyote. Hakupiga kelele. Alimwonyesha kiti cha wageni. Alisikiliza habari za chombo, za Bupe, za mvua, akitikisa kichwa hapa na pale, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyekwisha kuelewa jambo na kulikubali.

Saa ilipokwisha hakusimama. Subilaga alichukua mkoba, akajaribu kutafuta neno fupi, fupi kiasi ambacho lingeingia, na hakulipata. Ndipo mzee, kwa adabu, kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni aliyekuja kutoka mbali, alinyoosha mkono wake wa kushoto ili amuage.

Subilaga aliupokea. Tangu siku walipotambulishwa, miaka arobaini na minane, hawakuwahi kupeana mkono.